Mwongozo Kamili wa Kurekodi Video ya Usaili: Kwa Mwigizaji Anayeanza Filamu na Televisheni

Kijana anatuma video ya kwanza, ya pili, ya sita, na simu haiiti. Anaanza kujiuliza kama kweli ana kipaji. Mara nyingi kipaji chenyewe hakijaonekana bado. Mteuzi wa waigizaji ameizima video kwa sababu sauti inasikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa, au macho yanakimbilia karatasi kila baada ya neno la pili, au faili limegoma kufunguka. Ana video nyingine nyingi zinazomsubiri na hana sababu ya kuhangaika na yako.

Soma hatua zote kabla hujagusa simu. Hatua ya tatu ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: kosa la taa hurekebishika kwa dakika tano, lakini onyesho ambalo hukulifikiria halirekebishiki hata ukipewa kamera ya sinema.

Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera nzuri ya nyuma na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi.
- Tripodi, au rundo la vitabu juu ya meza refu, mradi simu isitikisike.
- Ukuta mtupu wa rangi moja iliyotulia. Kijivu au buluu iliyopoa hufaa nyuso nyingi. Shuka lililopigwa pasi linatosha.
- Chanzo kimoja kikubwa cha mwanga: dirisha, au taa iliyofunikwa kitambaa cheupe kisichoshika moto.
- Mablanketi, mapazia, magodoro, chochote laini cha kumeza mwangwi.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, kama unayo. Si lazima.
- Mtu wa kukusomea maneno ya wahusika wengine. Huyu ni lazima.
- Kurasa za skripti zilizochapishwa, na kalamu.

Hukuona kamera ya gharama humo. Ukiwa na pesa kidogo ya kutumia, anza na maiki kabla ya taa, na taa kabla ya simu mpya.

Hatua ya 1: Soma maelekezo hadi nukta ya mwisho

Chukua kalamu, pigia mstari kila agizo: video iwe ya mlalo au wima, utambulisho uje mwanzoni au mwishoni, wanataka teki ngapi (teki ni kila mara unapolirekodi onyesho), faili liitwe nani, mwisho wa kutuma ni saa ngapi na kwa saa za nchi gani. Maelekezo yao yakipingana na mwongozo huu, fuata yao.

Angalia pia ukubwa wa kazi. Mkataba ambao chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kilifikia na studio mwaka 2023 uliweka kikomo cha kurasa 8 kwa usaili wa kwanza wa video, na angalau saa 48 za kujiandaa bila kuhesabu wikendi. Huenda mkataba huo haukuhusu kabisa, ila unakupa kipimo. Ukiletewa kurasa 20 leo jioni na zinatakiwa kesho asubuhi, si dhambi kuuliza kwa heshima ni onyesho gani walitanguliza.

Hatua ya 2: Hakikisha wito ni wa kweli

Usaili haulipiwi. Anayedai ada ya fomu, ada ya "kuhifadhi nafasi" au ada ya kupiga picha kwa mtu wake maalumu ni tapeli, hata akiwa na nembo nzuri kiasi gani. Tafuta kampuni ya utayarishaji, tafuta jina la mteuzi, angalia kazi walizokwisha kufanya, kisha wasiliana nao kupitia anwani uliyoipata mwenyewe, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Onyo zito: hakuna video halali ya usaili inayokutaka uvue nguo au ufanye jambo la hatari, kama kuruka kutoka juu. Ukiombwa hivyo, acha hapo hapo. Kama hujafikisha miaka 18, mzazi au mlezi aone mawasiliano yote tangu ujumbe wa kwanza, na anwani ya nyumbani isionekane popote kwenye video.

Hatua ya 3: Lifanyie kazi onyesho

Wengi hukariri kwanza, halafu hutafuta maana. Hapo ndipo uigizaji unapogeuka kuwa kughani shairi la shule. Anza na maana.

Tuseme umepewa nafasi ya Dada katika kipande hiki:

DADA: Umeshakula?
KAKA: Bado.
DADA: Kuna chakula jikoni.
KAKA: Baba kapiga simu.
DADA: Kasema nini?

Ukikisoma harakaharaka, ni mazungumzo ya kawaida kuhusu chakula. Mwigizaji asiyejiuliza kitu atamwigiza dada mpole anayejali, na atafanana na wote waliotuma siku hiyo. Sasa jiulize maswali matatu.

*Nataka nini kutoka kwa huyu aliye mbele yangu, sasa hivi?* Jibu liwe kitu ambacho mwenzako anaweza kukupa au kukunyima. "Nataka kuwa na furaha" halichezeki. "Nataka aondoke sebuleni aende jikoni" linachezeka, kwa sababu ana miguu na anaweza kukataa.

*Kwa nini sasa?* Pengine nyuma ya kochi kuna begi ulilokwisha kulipanga, na hutaki alione. Skripti haijasema hivyo? Mradi haijakanusha, ni ruhusa yako. Ghafla "Umeshakula?" si upole tena, ni njia ya kumwondoa chumbani.

*Jambo linageuka wapi?* Hapa ni kwenye "Baba kapiga simu." Hadi hapo ulikuwa unaongoza wewe, na baada ya hapo unaongozwa. Kabla ya "Kasema nini?" kuna ukimya mfupi, na ukimya huo ndio utakaoamua kama video yako inaangaliwa hadi mwisho. Hauhitaji kushtuka kwa mabega wala kushika kifua. Unahitaji kumsikia Kaka kwelikweli, kuwaza kwamba Baba amejua, kisha kuuliza kwa sauti ya mtu anayejaribu kuonekana hana habari.

Kamera ya karibu huona wazo likipita usoni. Jukwaani ungelazimika kulikuza ili walio viti vya nyuma walipate. Hapa ukilikuza linageuka uongo. Vijana wanaotoka kwenye michezo ya jukwaani huteseka sana na jambo hili, na dawa si "kupunguza" uigizaji. Dawa ni kumlenga mtu aliye umbali wa hatua mbili badala ya ukumbi mzima. Nguvu ni ile ile, umbali ndio umebadilika.

Neno kuhusu machozi, maana naulizwa kila mara. Skripti ikisema mhusika analia, usianze kuyasaka machozi tangu mstari wa kwanza. Cheza mtu anayejitahidi asilie. Yakija, yamekuja. Yasipokuja, mteuzi hatakukata kwa uso mkavu ikiwa pambano la ndani linaonekana. Mate ya kupaka machoni anayatambua.

Sasa kariri. Soma maneno kwa sauti tambarare, bila hisia yoyote, ili usijifungie kwenye wimbo mmoja. Kisha yaseme huku ukikunja nguo au ukifagia. Kariri na maneno ya mwenzako pia, kwa sababu ya kwako yanazaliwa kutoka humo.

*Umefaulu hatua hii ikiwa* unaweza kusema onyesho zima mikono ikifanya kazi nyingine, na kueleza kwa sentensi moja unachotaka kutoka kwa mhusika mwenzako. Ukishindwa hilo la pili, usirekodi bado.

Hatua ya 4: Mwandae anayekusomea

Msomaji mbovu huua video nzuri. Si lazima awe mwigizaji. Mama, rafiki au mwalimu anafaa. Mpe masharti matatu: asome kwa sauti ndogo kuliko yako kwa kuwa yuko karibu zaidi na simu, asikimbize maneno, na asiigize kupita kiasi. Lakini asisome kama roboti pia, kwa sababu utajikuta unajibu ukuta.

Usirekodi sauti za wahusika wengine mwenyewe na kuzicheza kutoka kwenye spika. Ukimya wako utabanwa na muda uliokwisha kupimwa, na kusikiliza kwako kutakuwa kwa kungojea zamu. Kama uko peke yako kabisa, mpigie mtu kwa video kwenye kifaa kingine na ukiweke kando ya kamera. Hutegemea mtandao, ila kuna mtu halisi upande wa pili.

Hatua ya 5: Tuliza chumba

Piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unabaki hewani, una mwangwi. Tandika blanketi sakafuni, tundika jingine nyuma ya kamera, godoro liegemee ukuta wa pembeni. Vyote viwe nje ya picha. Kisha zima feni, kiyoyozi na redio, na friji kama iko karibu. Weka alama mlangoni ili ukumbuke kuiwasha tena.

Kuhusu umbali: ukiuongeza mara mbili kati ya mdomo na maiki, sauti yako hushuka kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki karibu pale pale. Ndiyo maana maiki ndogo ya kifuani huishinda maiki ya simu iliyo mita mbili mbele. Ukiibana kwenye nguo, hakikisha haisuguani na kola wala mkufu.

Jirekodi sekunde 20 na usikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Ukisikia kila herufi ya mwisho ya maneno unayoyanong'ona, umemaliza.

Hatua ya 6: Mwanga

Simama ukiliangalia dirisha, usilipe mgongo. Ukilipa mgongo kamera hupima mwanga wa nje na uso wako unakuwa kivuli. Mwanga bora unatoka mbele yako, pembeni kidogo kwa nyuzi kama 45, juu kidogo ya macho. Upande wa pili wa uso weka karatasi kubwa nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli.

Jua likiwa linaingia na kutoka mawinguni, funga pazia jepesi au subiri. Usichanganye mwanga wa dirisha na balbu ya njano. Nusu ya uso itakuwa ya buluu na nusu ya chungwa.

Wenye ngozi nyeusi sana, msikubali simu ijiamulie. Mara nyingi hupima ukuta badala ya uso. Chagua ukuta usiong'aa, gusa uso kwenye kioo cha simu ili ipime hapo, kisha ukifunge kipimo hicho kama nitakavyoeleza hatua inayofuata. Jasho linalong'aa lifute kwa karatasi laini kabla ya kila teki.

Kipimo cha kufaulu ni kimoja: nukta ndogo ya mwanga inaonekana ndani ya macho yote mawili. Macho yasiyo nayo huonekana yamekufa.

Hatua ya 7: Weka simu na fremu

Tumia kamera ya nyuma. Weka simu mlalo, lenzi iwe usawa wa macho yako. Ikiwa chini, unaonekana unamdharau mtazamaji. Ikiwa juu, unaonekana mtoto.

Isogeze mita moja na nusu hadi mbili. Ukiikaribia sana, lenzi pana ya simu huivimbisha pua na kuyasukuma masikio nyuma. Kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta karibu, itumie. Kuvuta kwa vidole ni jambo jingine: mara nyingi huikata picha na kuitanua, ubora ukashuka.

Fremu, yaani eneo linaloonekana kwenye picha, ianzie kifuani hadi juu kidogo ya nywele. Achia nafasi ndogo juu ya kichwa. Wanaoanza huacha ukuta mtupu nusu ya picha.

Kwenye mipangilio:

- Ubora wa 1080p unatosha. Picha ya 4K ina nukta mara nne ya hiyo na faili linakuwa zito bure.
- Kama umeme wa nchi yako ni wa hezi 50, tumia fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde. Kama ni hezi 60, tumia 30. Baadhi ya taa huwaka na kufifia mara mbili ya kiwango cha umeme, na fremu zisipooana nazo utaona mistari ikitembea kwenye picha.
- Bonyeza uso wako kwenye kioo na ushikilie hadi fokasi na mwanga vijifunge. Msimamizi wa simu awe msomaji wako.
- Washa hali ya ndege.

Nguo: rangi moja isiyofanana na ukuta. Epuka mistari myembamba, ambayo hutetemeka kwenye kamera, na maandishi au nembo. Dokeza mhusika, usimvalie sare. Nafasi ya daktari haihitaji koti jeupe. Shati safi lenye kola linatosha.

Hatua ya 8: Macho yaende wapi

Ukiacha onyesho lenyewe, hapa ndipo wengi wanapopotea.

Usitazame lenzi, isipokuwa kwenye utambulisho au umeagizwa. Mwenzako asimame bega lake likigusa tripodi, macho yake yakiwa usawa wa lenzi na karibu nayo sana, kiasi cha upana wa kiganja. Akikaa mbali pembeni, mteuzi ataona sikio lako na jicho moja.

Kama onyesho lina wahusika wengine wawili, mmoja awe kulia kwa lenzi na mwingine kushoto. Wahusika wasioongea wawekee alama ya karatasi ya gundi mahali utakapowatazama, na usiwahamishe katikati ya onyesho.

Michael Caine, mwigizaji wa filamu wa Uingereza, katika somo alilolitoa kwenye televisheni ya BBC mwaka 1987, aliwaonya waigizaji wa filamu kuhusu kupepesa macho, kwamba humdhoofisha mhusika. Lichukue kama jambo la kujichunguza, si sheria. Kijana anayejikaza asipepese anatisha. Anayepepesa kila neno huwa anawaza mstari unaofuata, na tiba yake iko hatua ya tatu.

Karatasi unaweza kuishika chini ya fremu kwa dharura. Ukilazimika kuitazama, itazame mwenzako anapoongea? Hapana. Hapo ndipo unapotakiwa kusikiliza. Itazame mwishoni mwa wazo lako, kisha urudi.

Hatua ya 9: Utambulisho

Tazama lenzi. Taja jina, urefu, mji ulipo, na nafasi unayoiomba. Umri utaje ukiagizwa tu. Wakitaka picha ya pembeni, geuka kulia, rudi, geuka kushoto. Wakitaka ya mwili mzima, irekodi kama kipande kingine.

Ongea kama unavyoongea na mtu mzima unayemheshimu na humwogopi. Hapa wanamtafuta mtu watakayeshinda naye kazini saa kumi na mbili kwa siku. Ukiwa na onyesho la huzuni, rekodi utambulisho mwanzo kabisa, usije ukajitambulisha na pua imejaa.

Hatua ya 10: Rekodi

Anza kurekodi, kaa kimya sekunde mbili ukiwa tayari ndani ya hali ya mhusika, ndipo msomaji aanze. Ukimaliza neno la mwisho, baki humo sekunde tatu. Mara nyingi kitu kizuri kuliko vyote hutokea hapo, na vijana hukiua kwa kugeuka kutafuta kitufe.

Ukikosea neno, endelea. Mhusika naye hukosea maneno. Usiombe radhi, usicheke, usitoe ulimi.

Baada ya kila teki badilisha kitu kimoja tu, na kiwe unachokitaka, kisiwe sauti. Mara ya kwanza ulitaka Kaka aende jikoni. Sasa unataka akubembeleze usiondoke. Maneno ni yale yale, lakini uso utabadilika wenyewe.

Ukishapata teki tatu au nne zenye uhai, acha. Ukiendelea, uchovu utaanza kuonekana na wewe utauita "ukamilifu".

Hatua ya 11: Chagua teki

Pumzika kwanza, unywe maji, utoke nje. Kisha angalia kila teki bila sauti: je, unaona mtu anayewaza? Halafu isikilize bila kuangalia: je, anaongea na mtu au anasoma? Teki inayopita majaribio yote mawili ndiyo yako, hata kama ulikosea neno moja humo. Usichague ile uliyopendeza.

Wakiruhusu teki mbili, tuma mbili zinazotofautiana waziwazi. Kama zinafanana, moja inatosha.

Kata mwanzo na mwisho, basi. Hakuna muziki, hakuna vichujio vya kulainisha ngozi, hakuna maandishi yanayoruka. Vichujio vinawafanya wasijue unafananaje, na hilo ndilo waliloomba kujua.

Hatua ya 12: Taja faili na utume

Faili liwe MP4, na jina lake lijieleze: JinaLako_Mhusika_Onyesho1.mp4. Mteuzi akiwa na mafaili mengi yanayoitwa "video mpya mwisho kabisa 2", lako halitafutiki.

Wakitaka barua pepe, pandisha faili Google Drive au huduma kama hiyo, weka ruhusa ya kila mwenye kiungo kuiona, kisha fungua kiungo hicho kwenye dirisha la faragha ukiwa hujaingia kwenye akaunti yako. Kikikuomba ruhusa wewe, kitamwomba na yeye, naye hatasubiri. Wakitaka WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida hubanwa na uso wako unageuka ukungu.

Usiibandike video wala kurasa za skripti mahali pa wazi mtandaoni. Hadithi ni mali yao, na kuivujisha kunaweza kukufungia milango ambayo hata hukujua ipo.

Tuma saa kadhaa kabla ya muda kwisha. Mtandao huanguka dakika za mwisho.

Baada ya kutuma

Usiandike kuuliza "mmeiona?". Ukimya ndio jibu la kawaida, na sababu yake inaweza kuwa urefu wako au sura ya aliyepewa nafasi ya baba yako.

Andika kwenye daftari tarehe, mradi, mhusika, nguo ulizovaa na ulichokuwa unakitaka kwenye onyesho. Kurasa zihifadhi. Ukiitwa raundi ya pili, vaa nguo zile zile na ufike na chaguo lile lile, kwa sababu ndilo walilolipenda. Kisha jiandae kuambiwa, "Sasa lifanye kama unamwogopa." Haimaanishi ulikosea. Wanapima kama unaongozeka, kwa hiyo usijitetee na usieleze ulichokuwa umekipanga. Vuta pumzi, mtazame mwenzako, ulifanye.